Kuiga Picha za Mabingwa kwa Mwanga wa Dirishani: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Kamera Nairobi

Mwanafunzi wa upigaji picha akionekana ananakili kazi ya mtu mwingine, haikawii kutajwa methali ya yule aliyemwiga tembo, na wengi huiacha njia hii kabla ya kuijaribu kwa kuogopa kuambiwa kwamba hawana chao. Mimi naiona kwa namna nyingine. Mwanafunzi wa useremala hupewa kigoda kilichokwisha kutengenezwa akaambiwa achonge kingine kama hicho, na hakuna anayemcheka, kwa kuwa kosa lake litajitokeza lenyewe pale kigoda kitakapoyumba. Picha ya kuiga hufanya kazi hiyo hiyo ya kupimia. Anayepiga picha bila kipimo na kupendezwa na alichokipata hawezi kujua kama mwanga ulikwenda alikotaka yeye au ulijiendea tu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Nairobi akiwa na kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55, au simu nzuri, chumba chenye dirisha moja, na majirani wenye subira. Studio haihitajiki. Kinachohitajika ni daftari, picha tatu za kuiga, na wiki kama sita ambazo hutakuwa na haraka.

Hatua ya 1: Chagua picha tatu

Picha ya kuiga iwe ya mtu mmoja, iwe na chanzo kimoja cha mwanga, na nyuma yake pawe patulivu. Masharti haya huondoa picha nyingi maarufu, na ni heri ziondoke mapema. Mimi nilipoanza nilichagua picha ya Yousuf Karsh, mpiga picha wa Kanada aliyejulikana kwa sura za wakubwa wa dunia, nikamketisha mpwa wangu kwenye kiti cha plastiki mbele ya taa moja ya mezani. Tulihangaika tangu saa 8 mchana hadi chai ya jioni. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unang'aa na mwingine umezama gizani, ilhali katika picha ya Karsh kingo zote mbili za uso zilikuwa na mwanga na kivuli kilikuwa katikati. Mpwa wangu, ambaye hakuwa amesoma lolote kuhusu picha, ndiye aliyeuliza: "Anko, kwani huyu mzee hakuwashiwa taa mbili?" Karsh alifanya kazi kwa taa kadhaa za umeme. Mimi nilikuwa na moja, tena ya kusomea.

Kwa hiyo napendekeza mabingwa watatu ambao mwanga wao unaweza kupatikana bila kununua kitu. Wa kwanza ni Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na kuwapiga wateja zaidi uani, kwa mwanga wa jua, mbele ya kitambaa chenye maua. Kitambaa chake cha kwanza kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Wa pili ni Irving Penn wa Marekani, ambaye mwaka 1950 na 1951 aliwaalika studioni watu wa kazi za mikono wa Paris, London na New York, wakiwa na nguo na zana zao za kazi, akawapiga kwa mwanga wa asili mbele ya pazia lisilo na pambo. Wa tatu ni Richard Avedon, Mmarekani pia, ambaye kati ya mwaka 1979 na 1984 alizunguka magharibi mwa nchi yake akiwasimamisha wachimba migodi, wachungaji na wasafiri mbele ya karatasi nyeupe, mahali penye kivuli. Chukua picha moja kwa kila mmoja, na usiongeze ya nne mpaka hizi zimalizike.

Hatua ya 2: Isome picha kabla ya kugusa kamera

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wanafunzi wengi wanapopita mbio. Tenga jioni nzima kwa picha moja. Ikuze kwenye kioo cha kompyuta au cha simu, kisha uanze na macho ya mtu. Ndani ya kila jicho pana doa jeupe, na doa hilo ni taswira ndogo ya kile kilichommulikia. Likiwa na pembe nne, hilo ni dirisha, mlango au kisanduku cha mwanga. Likiwa la mviringo, huenda ni mwavuli wa studio au taa tupu. Likitanda juu ya nusu nzima ya jicho, mtu huyo alikuwa nje na kilichommulika ni anga. Mahali doa lilipo panaonyesha pia upande na kimo cha chanzo: likiwa pale ambapo saa ya ukutani ina namba 10, mwanga ulitoka juu, kushoto kwako wewe mtazamaji. Yakiwa madoa mawili katika jicho moja, rudi kwenye hatua ya 1 uchague picha nyingine, usije ukampotezea mpwa wako siku.

Kutoka kwenye macho shuka kwenye pua. Kivuli cha pua kikianguka chini yake moja kwa moja, mwanga ulikuwa mbele na juu. Kikilala upande mmoja hadi kuungana na kivuli cha shavu, na kuacha pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande wa giza, basi chanzo kilikuwa juu kidogo na ubavuni, yapata nyuzi 45 kutoka usoni. Wapiga picha huuita mwanga huo kwa jina la mchoraji Rembrandt. Kisha tazama ukingo wa kivuli chenyewe. Ukingo uliokatika kama kwa wembe hutokana na chanzo kidogo au kilicho mbali, na jua, pamoja na ukubwa wake wote, kwetu huku chini ni chanzo kidogo. Ukingo unaofifia taratibu hutokana na chanzo kikubwa kilicho karibu, kama dirisha lililo hatua moja kutoka begani.

La mwisho ni umbali wa kamera, ambao wanafunzi huusahau kwa sababu hauonekani. Tazama uwiano wa pua na masikio. Pua ikionekana kubwa na masikio yakirudi nyuma ya mashavu, mpiga picha alikuwa karibu mno. Uso ukiwa umetulia na masikio yapo mahali pake, alisimama mita 1.5 au zaidi. Hili ndilo kosa la picha nyingi za simu. Lenzi kuu ya simu huona upana mkubwa, kwa hiyo mtu husogea hadi usoni ili ajaze fremu, na uso unavimba katikati. Rudi nyuma hadi mita 2, uongeze ukuzaji mara 2, na tatizo hilo litaisha bila shilingi hata moja.

Yote haya yachore kwenye daftari kana kwamba unatazama kutoka darini: duara kwa kichwa, mshale kwa mwanga, msalaba kwa kamera, na umbali ukiandikwa kwa hatua. Mchoro ukikosea si neno, utausahihisha.

Hatua ya 3: Lijue dirisha lako

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya humshauri msomaji atafute dirisha linaloelekea kaskazini, kwa sababu kwao jua halipiti upande huo na mwanga wake hubaki mtulivu kutwa. Ushauri huo ukiufuata Nairobi bila kuupima, utakupotosha nusu ya mwaka. Jiji letu liko kusini mwa Ikweta kwa zaidi kidogo ya nyuzi 1, na jua hutuhama: kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Kwa hiyo mwezi wa Juni dirisha tulivu ni la kusini, na mwezi wa Desemba ni la kaskazini. Dirisha la mashariki linafaa alasiri, na la magharibi linafaa asubuhi.

Nje, mambo ni tofauti kidogo. Kuanzia kama saa 5 hadi saa 8 mchana jua huwa juu ya utosi, matundu ya macho hujaa giza, na hakuna bingwa utakayemwiga saa hizo isipokuwa umeingia kivulini. Jioni nako jua letu huzama karibu wima, hivyo ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa sana hupita upesi kuliko inavyosimuliwa na watu wa nchi za mbali. Anayetaka ulaini wa kudumu asubiri mawingu ya Julai, ambayo watu wa jiji huyalalamikia kwa baridi yake, lakini kwa mwenye kamera ni shuka kubwa jeupe lililotandazwa juu ya mji mzima.

Ndani ya nyumba za kupanga kuna maadui watatu. Vyuma vya dirisha huchora mistari usoni na huonekana ndani ya doa la jicho; tundika pazia jepesi jeupe au neti, navyo vitatoweka. Rangi ya ukuta, hasa ile ya mafuta ya kijani au buluu inayopakwa nusu ya chini, hurudisha rangi yake kwenye shavu la upande wa kivuli. Msogeze mtu mbali na ukuta, au uufunike kwa shuka. Balbu ya chumba nayo ina rangi isiyopatana na ya mchana, kwa hiyo izime, hata kama mwenye kupigwa anadhani unamweka gizani.

Karatasi ya manila nyeupe ikishikwa upande wa kivuli hurudisha mwanga usoni. Kitambaa cheusi au mfuko mweusi wa takataka hufanya kinyume, yaani huuzamisha upande huo zaidi. Hivyo viwili ndivyo vifaa vyangu vya studio hadi leo.

Hatua ya 4: Anza na pilipili hoho

Kabla ya kumwita mtu, nunua hoho kwa mama mboga, uchague ile iliyojikunja vibaya ambayo wateja wengine wameiacha. Edward Weston, mpiga picha wa Marekani, alipiga hoho moja mwaka 1930, akaiweka ndani ya faneli ya bati, na picha hiyo hujulikana kwa namba 30. Namba yenyewe inaonyesha kwamba kulikuwa na nyingine kabla yake. Faneli ilikuwa na faida ya kuwa na kuta zinazorudisha mwanga kutoka pembeni na kutoka nyuma. Wewe chukua sufuria tupu, uilaze ubavu mdomo wake ukielekea dirishani, na uweke hoho ndani. Kamera iwe juu ya stendi au juu ya vitabu, tundu la lenzi liwe dogo, f/11, ili hoho yote ionekane kwa ukali, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe 100, na shata, yaani kile kilango cha kuingizia mwanga, ifunguke kwa muda wowote itakaotaka, hata sekunde nzima.

Sasa izungushe hoho kidogo kidogo. Utaona mng'ao ukitembea juu ya mgongo wake, ukijificha kwenye bonde na kutokea tena upande wa pili, hadi ufike mahali ambapo umbo lote linasomeka kwa mstari mmoja wa mwanga. Hapo piga. Huo mng'ao unaotembea ndio utakaoutafuta kwenye shavu la mtu, na faida ya hoho ni kwamba haichoki wala haiulizi itakwenda nyumbani saa ngapi. Siku inayofuata fanya hivyo kwa kiatu cheusi, na ya tatu kwa yai. Kisha pika hoho.

Hatua ya 5: Mpige mtu wako

Mketishe pale mchoro wako unapoonyesha. Lenzi iwe kwenye milimita 55, tundu f/5.6, shata sekunde 1/125, na ISO 400 au 800 kulingana na mwanga ulivyo. Lenga jicho lililo karibu na kamera.

Kisha uangalie kipimo cha mwanga, ambacho huwadanganya watu wetu kuliko wengine. Kamera hukadiria kana kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe kama wa Avedon, kamera huuona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso ukawa kivuli kitupu. Ongeza mwanga kwa hatua 1 hadi 1 na nusu kwenye kipimo cha + na - cha kamera. Ukimweka mbele ya blanketi jeusi, kamera huongeza mwanga kupita kiasi na ngozi ikapauka kama iliyopakwa majivu, hapo punguza. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo kisha uteremshe au upandishe alama ya jua. Na usidhani kwamba ngozi nyeusi inahitaji tu mwanga mwingi zaidi. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, kama hoho, kwa hiyo kazi yako ni kumgeuza mtu polepole mpaka taswira ya dirisha ilale juu ya mfupa wa shavu. Wapo wapiga picha wanaokimbilia poda mara tu wanapoona mng'ao. Mimi humwomba mtu aje na mafuta yake ya kawaida, na nafuta kipaji cha uso peke yake.

Sura nayo huigwa, si mwanga tu. Tarehe 30 Desemba 1941, mjini Ottawa, Karsh alikuwa na muda mfupi wa kumpiga Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, ambaye alikataa kuweka chini sigara yake nene. Karsh alimwendea, akamwomba radhi, akaichomoa kinywani, akarudi kwenye kamera na kupiga. Ule uso wa hasira uliokuja kuonekana duniani kote ulitokana na kitendo hicho. Nairobi ya leo sigara hiyo ni simu. Mtu ameketi mbele yako lakini mawazo yake yamo kwenye ujumbe ulioingia sasa hivi. Usimpokonye, mwombe akushikie karatasi ya manila, kwani mtu aliyepewa kazi husahau kujipanga uso.

Katika zamu ya kumwiga Keïta, jilazimishe kupiga mara moja tu. Filamu ilimgharimu, hivyo kwa kawaida mteja alipata picha moja, na maandalizi yote ya mkono, saa na mkunjo wa nguo yalimalizika kabla ya shata. Mwanafunzi anayepiga mara 200 kwa saa huwa anategemea kwamba mojawapo itajitengeneza.

Hatua ya 6: Ziweke kando kwa kando

Chapisha picha yako na ile uliyoiiga kwa ukubwa mmoja, uzibandike ukutani, na uandike tofauti tatu. Zisizidi tatu. Usiandike kwamba yako ni mbaya. Andika kwamba kivuli cha pua ni kirefu zaidi, au nyuma ni nyeupe kupita kiasi, au kamera ilikuwa juu ya macho badala ya kuwa usawa wa kifua. Wiki inayofuata rudia picha hiyo hiyo na usahihishe tofauti moja tu, ukiacha nyingine kama zilivyo, kwa sababu ukibadilisha mambo matatu pamoja hutajua ni lipi lililoleta nafuu. Picha ikitokea kufanana kabisa na ya bingwa, ni vizuri, ingawa daftari ndilo lenye faida zaidi. Na popote utakapoionyesha, mtaje uliyemwiga.

Hatua ya 7: Toka nje na mchoro ule ule

Ukishamwiga Penn dirishani, utaanza kuona kwamba Nairobi imejaa studio zake. Kibanda chenye paa la mabati, kilichozibwa pande tatu na kufunguka upande mmoja, kina mwanga ule ule. Mlango wa duka la posho mill ni hivyo, na ngazi ya jengo kuu kuu katikati ya mji pia. Tahadhari ni kwa miavuli mikubwa ya rangi inayowafunika wachuuzi, kwani mwavuli mwekundu humfanya mtu mwekundu.

Kwanza omba ruhusa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Lakini hata kama sheria zisingekuwepo, mtu aliye kazini ana haki ya kujua kamera inamtaka nini. Nilimkuta fundi viatu karibu na soko la Kariokor, kibanda chake kikiwa kimefunguka upande wa kusini, nikamsalimu habari ya kazi, nikamwomba nikae nimtazame akishona, halafu akikubali nimpige picha.

"Kukaa ni bure," alijibu bila kuinua macho. "Hiyo picha utaiuza wapi?"

"Siuzi, mzee, ni ya masomo. Nitakuletea yako ikiwa imechapishwa."

"Wote husema hivyo."

Nilikaa karibu saa nzima kabla ya kutoa kamera. Goti lake la kulia lilikuwa limefunikwa kwa kipande cha gunia, na juu yake kiatu cha shule kililala kifudifudi. Gundi iliyokauka ilikuwa imefanya ukoko wa manjano kwenye kidole gumba, na kila alipovuta uzi uliopakwa nta alikaza midomo, kisha akailegeza pale sindano ilipopita. Mwanga uliingia kutoka kushoto kwangu, ukagonga kipaji cha uso wake, ukaanguka juu ya mikono, na kufia kwenye rafu ya soli nyuma yake. Ulikuwa ni mchoro wangu wa Penn bila kusogeza kitu, isipokuwa kwamba Penn aliwatoa watu kwenye kazi zao akawaweka mbele ya pazia, nami sikuwa na pazia. Nilimwomba tu asogeze kigoda chake mbele kwa shubiri mbili, ili rafu ile izame gizani. Nilipiga mara nne.

Picha iliyochapishwa irudishwe ndani ya wiki, kabla hujaionyesha kwa mtu mwingine. Yangu niliipeleka siku ya Jumamosi. Fundi aliifuta mikono kwanza, akaishika kwa kingo, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini mikono yake imetoka vizuri hivyo na kiatu cha mteja hakionekani hata kidogo. Nilitazama tena, kiatu kilikuwa cheusi juu ya gunia jeusi, nami sikuwa nimekiona. Jumatatu nilirudi na karatasi ya manila, akaishikilia kwa goti la kushoto, tukakipiga kiatu.